Re: Kwa nini mashabiki wa Yankees walimlilia Steinbrenner waliyekuwa wakimzomea?

Mkuu, umeuliza imekuwaje watu walioshangilia alipofungiwa mwaka 1990 waje kumuomboleza 2010. Jibu liko kwenye adhabu yenyewe.

George Steinbrenner na wenzake waliinunua Yankees, timu ya besiboli ya New York, kutoka kampuni ya televisheni ya CBS mwaka 1973 kwa takriban dola milioni 10. Baadaye alifungiwa kuiendesha timu mara mbili. Ya kwanza, 1974, ni kwa michango haramu ya kampeni ya Rais Nixon (Rais Reagan alimsamehe 1989). Ya pili, 1990, ni kumlipa mcheza kamari dola 40,000 amtafutie siri za kumchafua mchezaji wake mwenyewe, Dave Winfield. Habari ilipofika uwanjani, watu walisimama wakapiga makofi.

Sasa angalia kilichofuata. Kabla ya hapo alikuwa akifukuza makocha ovyo: Billy Martin aliajiriwa mara tano, na Yogi Berra alitimuliwa 1985 baada ya mechi 16 tu, tena kwa kutumiwa mjumbe. Berra aliisusa timu miaka 14. Vijana wenye vipaji nao waliuzwa ili kupata majina makubwa. Steinbrenner alipokuwa amefungiwa, meneja mkuu wa timu Gene Michael aliwashikilia vijana kina Bernie Williams na Mariano Rivera, na Derek Jeter akachaguliwa kwenye usajili wa vijana wa 1992. Steinbrenner akarudi 1993, akakuta shamba limeshapandwa. Ila tumpe haki yake: fedha za kuwabakiza zilikuwa zake, na alizimwaga.

Matunda yake ni mataji ya ubingwa wa ligi 1996, 1998, 1999, 2000, kisha 2009. Alifariki Julai 2010, Yankees wakiwa mabingwa watetezi. Kwa shabiki, hapo mengi husameheka. Kwa Winfield sidhani.