Kumpeleka mtoto kwenye mkutano wa kampeni

Umeuliza kama unaweza kwenda na mwanao wa miaka 6 kwenye mkutano wa hadhara. Nenda naye, ila msikae mbele. Huko jukwaani ndiko watu husukumana mgombea anapofika, na spika zinaumiza masikio ya mtoto. Simameni pembeni au nyuma, mahali unapoona njia ya kutokea bila kuitafuta, na muwe mmeijua hiyo njia kabla uwanja haujajaa.

Kinachoua kwenye msongamano mara nyingi si kukanyagwa. Ni kubanwa kifua hadi pumzi inakata, mtu akiwa bado amesimama. Wakifika watu 5 au 6 katika mita moja ya mraba, umati huanza kuyumba kama wimbi na huwezi tena kuchagua unakokwenda. Kwa hiyo ukiona mabega ya watu yanakugusa pande zote, ondoka hapo hapo, hata kama hotuba imenoga. Mkibanwa, mbebe mtoto juu, usishindane na wimbi. Likitulia, sogea kimshazari kuelekea pembeni.

Maji na kofia, bila shaka. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu.

Na tafadhali ondokeni dakika 10 kabla ya mwisho. Wote wakitoka kwa pamoja, geti huwa jembamba sana. Lakini msikilize mgombea kwa makini kwanza, maana kumsikia mwenyewe akieleza atakachofanya ni tofauti kabisa na kusimuliwa.