Jibu: Gari la kulala safarini, jipya au la mtumba?

Mkuu, umeuliza kama ununue jipya lenye vitanda na jiko ndani, au la mtumba kutoka Japani, ili utembee na familia ukitokea Mwanza. Chukua la mtumba, ila usilipie kwa kuona picha tu.

Jipya hushuka thamani haraka mwanzoni. La mtumba lililojengwa juu ya Hiace, usukani uko kulia na spea hazisumbui. Pitia kikokotoo cha ushuru cha TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla hujatuma hela, maana umri wa gari unaweza kuongeza ushuru.

Sasa kagua. Adui mkubwa ni maji yanayopenya kwenye maungio ya paa na madirisha. Injini mbovu inatengenezeka. Mbao zilizooza ndani ya kuta zitakumaliza mfukoni. Bonyeza kuta kwa kidole, kanyaga sakafu pembeni, fungua makabati unuse. Ukuta ukibonyea au kukiwa na harufu ya ukungu, achana nalo hata kama injini ni safi.

Halafu umeme! Vifaa vya Japani hutumia volti 100, vyetu 230. Ukichomeka moja kwa moja unaweza kuviunguza, kwa hiyo weka bajeti ya transfoma. Matairi nayo, soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kama mnakwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka mara moja kwa mwaka, Noah na hema zuri vinawatosha kabisa.