Bodaboda ilisukumwa na nguvu au na kani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha pili, Mbale. Katika insha niliandika: “Dereva alishika breki, lakini nguvu ya bodaboda ikaisukuma mbele hadi mtaroni.” Mwalimu wa Kiswahili akanipa vyema. Rafiki yangu mpenda fizikia akanicheka: ati pikipiki haibebi nguvu, na neno lenyewe ni kani. Nimefungua kamusi, nikakuta kani ni ubishi! Nimsikilize nani? Na je, kusema “uzito wa kilo tano” ni kosa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vyema yako uliistahili. Rafiki yako naye ameshika ukweli, ila ameushika mkiani.

Katika Kiswahili cha kila siku, neno nguvu limetwikwa kila mzigo. Mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, sheria ina nguvu, hata umeme jioni huwa “hauna nguvu”. Kiganda kina amaanyi, nalo hubeba mzigo uo huo, kwa hiyo sentensi yako haimkeri msikilizaji yeyote kuanzia Mbale hadi Masaka. Insha huandikwa kwa lugha hiyo.

Fizikia ndiyo iliyougawa mzigo. Msukumo au mvuto ambao kitu kimoja hukipa kingine umeitwa kani, na hupimwa kwa nyutoni. Sasa zingatia: kani haiwekwi akiba. Sukuma baiskeli iliyosheheni matoke, kisha iachie. Mikono ikishatoka, kani yako imekwisha papo hapo. Baiskeli inaendelea kidogo kwa sababu hakuna kilichowahi kuisimamisha. Wala haijabeba mkono wako ndani yake. Isaac Newton aliyachapisha haya mwaka 1687: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake, kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikibadili.

Basi nani aliisukuma bodaboda mtaroni? Hakuna. Ilikuwa inakwenda, ikaendelea kwenda, na msuguano wa magurudumu na barabara haukutosha kuisimamisha upesi.

Hapo ndipo rafiki yako anapoteleza. Ukifuta “nguvu” ukaweka “kani”, sentensi inazidi kuharibika! Nguvu ya mtaani ina maana pana, tunaisamehe. Kani ni istilahi, na ukisema kani ya bodaboda iliisukuma bodaboda yenyewe mbele, umesema uongo kwa neno sahihi. Ilichokuwa nacho pikipiki ni nishati, ile inayotokana na mwendo. Nayo si ya kuchezea: kasi ikipanda kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, nishati hiyo huwa mara nne, na breki zilezile zitahitaji umbali wa takriban mara nne kuimaliza. Waendeshaji wanaoteremka kutoka Kapchorwa, kule mlimani, wanalijua hilo bila darasa.

Kwenye daftari la fizikia ungeandika hivi: “Bodaboda iliendelea mbele kwa inersia, kwa kuwa kani ya msuguano haikutosha kuisimamisha upesi.” Inersia ni ile tabia ya kitu kuendelea na hali yake mpaka kani ikibadili. Kwenye insha, tafadhali usithubutu. Itanuka chaki.

Kuhusu kamusi, hukukosea kusoma. Kani ina maana ya nguvu na pia ya ubishi. Mtu akikataa katakata kubadili msimamo, husemwa ameshikilia kani. Mimi hucheka kila nikilifikiria hili, kwa sababu huko kukataa kubadilika ndiko hasa wanafizikia wanakoita inersia. Yaani wametwaa jina la ukaidi wakalipa kile kinachouvunja ukaidi! Lakini istilahi ni makubaliano, na haya yameshazoeleka vitabuni. Neno liko katika ngeli ya I-ZI: kani hii, kani hizi mbili zinapingana.

Utakutana pia na vitabu vinavyotumia nguvu kwa maana ya kiwango cha kufanya kazi kwa kila sekunde, kile kinachopimwa kwa wati; vingine hukiita uwezo. Tazama kipimo kilichoandikwa kando ya tarakimu, utajua mwandishi anakusudia nini.

“Uzito wa kilo tano” sokoni si kosa hata chembe. Darasani, kilo hupima tungamo, ambalo wengine huliita masi, na uzito ni kani ambayo kwayo dunia hukivuta kitu. Kilo 5 za sukari pale Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta katika barabara ya Masaka, zina uzito wa nyutoni 48.9 hivi; kwenye ncha ya kaskazini ya dunia zingefika 49.2. Sukari ni ileile; mvuto wa dunia ndio uliotofautiana. Siku mwenye duka akikupimia kwa nyutoni, niandikie tena.