Nyota imekufa, eksirei yatoka wapi?

Ndugu yangu wauliza vipi kibete cheupe, nyota ilokwisha kufa, itoe eksirei na moto wake ushazima. Si moto wake bana, ni gesi ya nyota jirani. Hiyo nyota ilokufa ina uzito karibu na wa jua lakini saizi yake ni kama dunia yetu tu, kwa hivyo mvuto wake si mchezo, yainyonya gesi ya nyota mwenzake na gesi yaanguka kwa spidi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde mpaka igongane karibu na uso, hapo joto lapanda hadi makumi ya mamilioni ya digrii na joto la namna hiyo latoa eksirei. Zile zenye sumaku kali kama AM Herculis, gesi yamiminikia kwenye ncha za sumaku, kama mafuta ya taa kwa faneli. Na hiyo AM Herculis eksirei zake zilinaswa na setilaiti ya Uhuru, ilorushwa 12 Desemba 1970 hapa hapa kwetu Kenya, jukwaa la San Marco baharini upande wa Malindi, watu wapita na matatu kila siku wala hawajui. Miale ya gama nayo, ilo na nguvu kushinda eksirei, hutoka nyota hizi zikilipuka, kama kibete kingine RS Ophiuchi mwaka 2021, darubini za H.E.S.S. kule Namibia ziliiona.