Linda si Jina la "Kizungu"

Msomaji wetu wa Tanga ameuliza hivi: binti yake ameolewa Estonia, wamejaliwa mtoto wa kike, nao wamemwita Linda, je, jina hili la Kizungu lina uhusiano na kitenzi chetu "kulinda"?

Hongera kwa kupata mjukuu, mama. Uhusiano haupo; ni sauti tu zilizokutana. Waestonia hulihusisha jina hilo na neno lao "lind", yaani ndege, kwa sababu katika Kalevipoeg, utenzi wao mkuu ulioandikwa na Friedrich Reinhold Kreutzwald na kuanza kuchapishwa mwaka 1857, Linda alitoka katika yai la ndege wa porini lililookotwa na mjane. Aliolewa na Kalev, na alipofiwa akambebea mumewe mawe ya kaburi, ambalo masimulizi yanasema ndilo kilima cha Toompea mjini Tallinn. Jiwe moja lilipomponyoka, aliketi juu yake akalia hadi machozi yakawa ziwa Ülemiste.

Nisiloweza kulinyamazia ni hilo "jina la Kizungu". Kizungu ni lugha ya nani? Mavazi ya kizungu nayakubali, kwa kuwa hapo ki- yaonyesha mtindo. Lakini ki- ya lugha hudai wasemaji, na hakuna mtoto aliyewahi kuimbiwa bembelezi kwa Kizungu. Kiestonia ni ndugu wa Kifini, nacho kiko mbali na Kiingereza kama Kiluo kilivyo mbali na Kiswahili, ingawa hivi viwili husemwa katika nchi moja ya Kenya. Mgeni akiyakuta majina Achieng' na Mwanaidi, akayafunga pamoja kuwa "ya Kiafrika", tutamwona ametudharau, na haki itakuwa yetu. Tena Kiestonia hakimtengi mume na mke katika kiwakilishi: "tema" yao ni "yeye" yetu, jambo ambalo Kiingereza hakina. Kwa hilo, lugha ya mjukuu wako iko karibu nasi kuliko ile tuliyofundishwa shuleni.

Hata akina Linda wengine hawatoki kisima kimoja, kwani kwa Kihispania neno hilo ni "mrembo", na katika majina ya kale ya Kijerumani "lind" ilibeba maana ya upole. Neno "Kizungu" lafuta asili zote hizo kwa mkupuo mmoja, na mwandishi makini hana ruhusa ya kulitumia hivyo.

Majirani wakikuuliza, mama, waambie ni jina la Kiestonia, kisha uwasimulie habari ya yai.