Baniani mbaya, kiatu chake dawa

Swali lenu la juma: kwa nini watu wa asili ya Asia hubaguliwa hata katika nchi zisizofanana kwa lolote?

Tuanze na methali yetu wenyewe: baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tusi na uhitaji vimekaa kitanda kimoja. Chuki hii huzaliwa penye daftari la deni.

Lakini aliyemweka Mhindi nyuma ya daftari ni nani? Reli ya Uganda (1896–1901) ililetewa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao. Waliobaki, na wafanyabiashara waliowafuata, walizuiwa kumiliki mashamba ya nyanda za juu za Kenya zilizotengewa Wazungu, wakajaa madukani. Mkulima alimwona Mhindi kila siku akipima sukari na kuandika deni. Mkoloni aliyeitoza kila nyumba kodi, mkulima hakumwona. Mwaka 1972 Idi Amin aliichochea hasira hiyo hiyo, akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke.

California ni kinyume chake. Wachina walijenga sehemu ya magharibi ya reli ya kuvuka Marekani iliyokamilika 1869, na mwaka 1882 sheria ya Marekani ikawafungia mlango vibarua kutoka China, kwa madai kwamba wanakubali ujira mdogo na kuwaharibia wengine. Basi huku mmoja alaumiwa kwa kuuza ghali, kule mwenzake kwa kuuza jasho lake rahisi! Tuhuma zapingana, ila nafasi ni ile ile: mgeni kati ya tajiri na mnyonge.

Halafu wote hutiwa kapu moja. Detroit, mji wa viwanda vya magari Marekani, 1982, magari ya Kijapani yakilaumiwa kwa watu kupoteza kazi, Vincent Chin alipigwa kwa gongo la besiboli hadi akafa. Asili yake ilikuwa China.

Kwetu Lamu, kitu kikivunjika upesi huambiwa ni cha Kichina (sahani za kaure za Kichina katika kaburi la mnara la Mambrui, karibu na Malindi, zina karne kadhaa, lakini hizo hazitajwi). Bandari ya Lamu ilipojengwa, lawama mitaani zilimwangukia Mchina aliyeonekana kwenye mashine. Wavuvi waliopoteza sehemu zao za kuvulia walijua zaidi: walimshtaki Mwanasheria Mkuu na taasisi za serikali, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.