Siku ikivurugika saa nne asubuhi: utulie vipi, na kazi uirudie wapi

Pole dadangu. Umeuliza hivi: unashona nguo nyumbani Likoni, ng'ambo ya mji wa Mombasa, kila ukipanga siku kuna kitu kinaivuruga. Mara stima, mara feri ukifuata vitambaa mjini, mara mteja abadilisha mtindo, na ikifika magharibi umechoka kwa hasira na gauni bado halina mikono. Wengi hapa wamekwambia uvute subira na uombe dua. Dua ina pahali pake, lakini kuna na mambo ya kufanya kwa mikono, na hayo ndiyo ninayotaka uyajue.

Tenga hasara mbili kwanza. Stima ikipotea dakika 40, umepoteza dakika 40. Ile saa nzima inayofuata, stima imesharudi na wewe bado wateta na watu wa stima moyoni, hiyo ni hasara nyingine kabisa. Ya kwanza huna uwezo nayo. Ya pili yaweza kupunguzwa sana.

Anza na mwili. Hasira ikipanda moyo huenda mbio, taya hukaza, mabega hupanda, na kujiambia "tulia" hakushushi chochote. Pumzi hushusha. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo unapovuta pumzi na hupungua unapoitoa, kwa hivyo kazi iko kwenye kutoa. Vuta kwa pua kwa hesabu ya 4, toa kwa mdomo kwa hesabu ya 7 au 8, midomo umeibana kama mtu anayepoza kahawa tungu. Fanya mara kumi, kama dakika mbili hivi. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwa kubwa za haraka, kisha wapata kizunguzungu na ganzi vidoleni, wasema hii njia haifai. Kinachowazungusha ni kutoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi. Vuta kidogo tu, urefushe kule kutoa. Na msimu wa kaskazi, Februari na Machi, joto lenyewe hukufanya uwake upesi, basi kunywa maji gilasi mbili kabla hujaamua ni nani aliyekukosea.

Kuna ushauri mmoja uliopewa na wenzangu hapa siukubali: eti piga mto, piga kelele, hasira itoke. Mtafiti Brad Bushman alilipima jambo hili, akachapisha mwaka 2002. Watu walioudhiwa wakapiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya kitu. Kumpigia shoga simu ukamsimulia upya kisa kizima, kwa sauti ileile ya ugomvi, nako kwaweza kukurudisha palepale. Msimulie jioni.

Sasa nitakawia kidogo kwenye kitu ninachokithamini kuliko vyote: alama ya kurudia. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akiacha kazi katikati, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile kazi, na ile mpya haipati akili timamu. Baadaye yeye na mtafiti mwenzake Theresa Glomb wakaona kwamba ukiandika kwa ufupi umefika wapi na utaanzia wapi, mzigo huo hupungua. Kwa fundi ni hivi. Stima imekatika, usiinuke. Chukua chaki au kipande cha karatasi, andika: "Gauni la kijani. Mkono wa kushoto umeshikizwa. Kufuata: kushona kwapa kuanzia mshono wa ubavu, uzi uleule." Bana karatasi kwa pini kwenye kitambaa penyewe. Isizidi dakika moja. Ukirudi hutashika nguo ukaigeuza geuza ukijiuliza ulikuwa wapi. Kule kugeuza geuza ndiko hasira inakoamkia tena. Usiandike "malizia gauni", maana hiyo haikuambii mkono uanze wapi.

Kisha uwe na kazi za giza, yaani zile zisizotaka stima. Zitenge mapema, kwenye kikapu chake: kutia vifungo, kupinda kwa mkono, kufumua, kukata madirishani penye mwanga. Na sharti lake liwe limeshaamuliwa: stima ikipotea, nachukua kikapu. Uamuzi unaofanywa mtu akiwa ameudhika huwa mbovu, basi ufanye jana yake. Na tokeni za stima ukinunua ujumbe ukachelewa, piga *977# ya Kenya Power utafute ile namba ya tarakimu 20 kabla ya kununua nyingine.

Mteja aliyebadilisha mtindo usimjibu papo hapo. Andika jibu daftarini kwanza, wala si kwenye simu, kwa sababu kidole hutuma chenyewe. Halafu mpe saa, na iwe saa unayoiweza hata siku ikiharibika tena: "Kola mpya nitaanza kesho. Nguo itakuwa tayari Alhamisi saa kumi." Ukimwambia "leo leo" ili anyamaze, umejinunulia ugomvi wa jioni.

Kuhusu feri, usipange kazi yenye saa maalumu karibu na saa ya safari. Asubuhi watu wanamiminika kuelekea mjini na jioni wanarudi Likoni. Mtu wa kazi ya nyumbani anaweza kuvuka katikati ya mchana. Panga pia masaa matano ya kushona katika siku ya masaa manane, matatu yaache wazi. Yakibaki, kata nguo ya kesho.

Kila Ijumaa fungua daftari uhesabu vilivyokukwamisha. Kilichokukwamisha mara tatu kinataka akiba. Ukiona umevuka mara tatu kwenda Mtaa wa Biashara kwa zipu moja moja, weka boksi: zipu nyeusi, nyeupe na za rangi ya udongo, za inchi 8 kwa sketi na inchi 22 kwa magauni, sita sita, sindano za cherehani namba 14 kwa vitambaa vya kawaida na 16 kwa jinzi, uzi mweusi na mweupe wa akiba, na bobini nne zilizokwisha kujazwa stima ingalipo.